Vénuste Atafuta Kazi ya Fundi

Mwaka 1997 Vénuste na mkewe Drocella walikaa Nzahaha. Walikuwa wamerudi Rwanda kutoka Bukavu, Kongo, wakikimbia vita. Kule Vénuste alikuwa fundi wa injini za mazuti, yaani dizeli, kwa miaka kumi na moja. Vyeti vyake vilipotea njiani.

"Leo unaenda wapi?" Drocella aliuliza.

"Siendi. Kote banasema hapana."

"Ulisema vile juma lote. Mimi nalima mashamba ya bantu bengine, wewe unakaa. Nimechoka, Vénuste."

"Na mimi nimechoka. Nimeuliza kazi fasi saba. Bakisikia sina karatasi, banageuza uso."

Jirani yao, Maman Thacienne, alisikia. Alifanya kazi ya kufagia kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga, kando ya barabara ya Ruhwa.

"Papa Vénuste," alisema, "siku ile ulikuja kwetu kiwandani, nilikuwa pale. Haukusalimia. Ulisema, 'Najua hamuna kazi.' Shefu, mukubwa wetu, akasema tu ndiyo, hakuna."

Vénuste alikunja uso. "Unataka nicheke na njaa hii?"

"Hapana. Hasira yako naielewa. Lakini yule shefu alikuwa hajakukatalia bado. Ulimuletea hasira ya bale bengine."



"Salimia," Thacienne aliendelea. "Sema unajua kazi gani. Omba bakujaribu. Bakikataa, uliza ni nini inakosekana. Na siku hauendi kutafuta, tengeneza hata kinga ya jirani, baiskeli yake. Ukikaa bure, utawaza tu bale balikukatalia."

Jumatatu Vénuste alikwenda kwenye gereji moja mjini Kamembe. Walimkatalia. Alitaka kuondoka kwa hasira, lakini akajizuia.

"Shefu, kwangu ni nini inakosekana?"

"Hatukujui. Lete muntu mwenye alikuona ukifanya kazi."

Jibu hilo lilimsaidia. Kesho yake alishinda Ruhwa, kwenye mpaka wa Burundi ambako wafanyabiashara hupita, akitafuta mtu wa Bukavu anayemfahamu. Alimpata Murhula, mfanyabiashara. Zamani Vénuste alimtengenezea lori. Murhula alimwandikia barua ya kuthibitisha kazi yake.

Alhamisi Vénuste alirudi kwenye kiwanda cha mpunga, kwa shefu wa Maman Thacienne.

"Bonjour, shefu. Naitwa Vénuste. Injini za mazuti nazijua. Barua ni hii. Naomba munijaribu."

Shefu alisoma. Kisha alimwonyesha injini iliyokufa tangu Pasaka.

Siku ya kwanza injini haikuwaka. Siku ya pili pia. Vénuste alitupa spana chini, akatoka nje, akanawa uso. Akarudi. Aliifungua upya, akasafisha mpira wa kupitisha mazuti uliojaa uchafu. Siku ya tatu injini iliwaka.

Alipewa kazi ya majaribio, miezi mitatu.

"Na baada ya ile miezi, bakiniambia hapana?" alimuuliza Drocella.

"Utatafuta tena," Drocella alisema. "Sasa nenda uoge. Unanuka mazuti."