Pikapu ya Maziwa na Mchanga wa Mto

Mimi ni dereva wa pikapu. Nabeba maziwa. Kila siku, kabla jua halijachomoza, napakia mikebe kumi mitupu na kuvuka mto mkavu. Ng'ambo wako wanawake kumi wanaofuga ng'ombe. Wanakamua, wanapima, wananijazia mikebe. Kisha narudi haraka kwenye kituo cha kupozea maziwa. Jua likipanda kabla sijafika, maziwa yanaharibika.

Mto wetu hauna maji wala daraja. Una mchanga tu, hatua mia mbili toka ukingo mpaka ukingo.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko uani, na ndani yake kuna mashine ya kujaza upepo. Basi kila asubuhi lazima ajaze matairi ya pikapu. Anajaza mpaka yanakuwa magumu kama jiwe. Halafu anayapiga teke.

"Umeona? Miguu migumu haizami," anasema.

Nami nilikuwa naitikia. Nikikumbuka nilivyokuwa naitikia, hasira inanipanda.

Mwezi ule kiangazi kilikuwa kimelegeza mchanga, nikakwama mara tatu, na mara zote maziwa yalimwagwa. Mara ya tatu ndiyo iliyonifika shingoni. Nilikuwa narudi na mikebe kumi iliyojaa. Kando yangu alikaa shemeji, mdogo wake mume wangu. Kazi yake ni kupakia na kupakua. Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempa, ni kunifundisha kuendesha. Yeye mwenyewe leseni yake ni ya gari dogo.

Katikati ya mto gari likapunguza mwendo. Likasita. Wapita njia wakaja mbio, kila mmoja dereva.

"Kanyaga, mama! Kanyaga!"

Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, mchanga ukaruka, gari likashuka.

"Kanyaga zaidi!"

Nikakanyaga zaidi. Likashuka tena.

Shemeji akaruka chini. "Leteni mbao! Wekeni chini ya matairi ya mbele! Na ninyi wawili, kaeni juu ya boneti, gari lipate uzito mbele!"

Mabwana wawili wanene wakapanda boneti, wakakaa kama wageni rasmi. Mikebe ikashushwa, ikapangwa juani. Mimi nikakanyaga mpaka gari likalala kwa tumbo.

Tulivutwa na ng'ombe sita. Tulitoka saa tano, jua kali. Kituoni, mpokeaji maziwa alichota kidogo kutoka kila mkebe, akachemsha. Yote yalikatika mabonge mabonge.

"Siwezi kuyapokea, dada," alisema. "Yameshaharibika."

Mikebe yote kumi ikamwagwa. Jasho la wanawake kumi likaingia mtaroni.

Jioni mume wangu alivuka mto kwa miguu kwenda kuwaeleza, kama alivyofanya mara mbili za kwanza. Safari hii nilimfuata. Wanawake wale walikuwa wamekaa kwenye magogo, wamechoka hata hawawezi kugomba. Mume wangu akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Akina mama, gari ni zima. Matairi nimejaza mwenyewe. Tatizo ni huyu mke wangu, hajui mchanga. Akikwama tena, funguo nampa mdogo wangu."

Mbele za watu! Nami nimesimama pale pale! Pikapu hiyo tuliinunua wote wawili. Leseni ya kuiendesha ninayo mimi. Miaka minne naamka alfajiri. Machozi ya hasira yalinitoka, na nilichukia kwamba wote wameyaona.

Kesho yake mchana nilirudi mtoni peke yangu. Sikujua nafuata nini. Nilipiga mchanga mateke, mchanga haukujali.

"Kosa si la huo mchanga, mwanangu," sauti ilisema.

Alikuwa Mama Beleshi. Watu walimwita hivyo kwa sababu beleshi halikumtoka mkononi. Kazi yake ni kuchota mchanga wa kujengea na kuupakia kwenye magari.

"Nimekuona mara zote tatu," alisema. "Nilipiga kelele, 'Simama! Usikanyage!' Nani atamsikiliza mchota mchanga?"

"Mimi sikukusikia, mama."

"Ungenisikiaje? Wanaume ishirini wanalia kanyaga, kanyaga, kama vyura." Alichomeka beleshi chini. "Hebu tazama kule. Magari gani yanabeba mchanga wangu?"

Nikatazama. Yalikuwa mapikapu matatu ya zamani, kama langu. Yaliingia matupu na kutoka yamejaa.

"Umewahi kuona hata moja limekwama?"

Sikuwahi. Miaka minne napita kando yao na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga, lakini mimi hata kuuliza sikuuliza.

"Gari lako lina magurudumu manne," alisema Mama Beleshi. "Mangapi yanalisukuma?"

"Mawili."

"Yapi?"

Hilo sikulijua.

"Chini ya gari kuna chuma kirefu kinachozunguka. Kinatoka kwenye injini kwenda wapi?"

"Nyuma," nilijibu polepole. "Kinakwenda nyuma."

"Basi yanayosukuma ni ya nyuma. Huenda shemeji yako amezoea gari dogo, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Lako halivutwi. Mliweka mbao mbele, wanaume wawili juu ya boneti, halafu mkashusha mikebe yote iliyokandamiza nyuma. Sasa hayo magurudumu ya nyuma yangeshika nini?"

Nilicheka, na kicheko kilikuwa kichungu. Mwezi mzima tumekuwa tukiyasaidia magurudumu yasiyofanya kazi!

"Na upepo," aliendelea. "Nani anajaza matairi yako?"

"Mume wangu. Kipimo kinasoma hamsini kila tairi."

"Mungu wangu! Mtu akipita hapa na kiatu cha kisigino chembamba, atazama. Akivua apite kwa wayo mtupu, hazami. Tairi gumu ni kisigino. Tairi laini linatandaza wayo wake."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Nilitaka kukimbia nyumbani kupiga kelele. Mama Beleshi akanishika mkono.

"Hasira iweke kwanza. Jifunze, halafu ukasirike vizuri."

Siku nne alinifundisha. Nilikwenda kila mchana na pikapu tupu, kisha na mzigo wa mchanga. Alinifundisha kushuka ukingoni na kupunguza upepo kwa kutumia kipimo, mpaka ishirini. "Kwa gari lako na mzigo wako, ishirini inatosha. Ukishusha mno, tairi litachomoka kwenye rimu." Alinifundisha kuweka mzigo karibu na chumba cha dereva, si mkiani. Niingie mchangani na gia ya pili, nisibadilishe gia katikati, nisipige breki ghafla, nisikate kona kali. Nifuate alama za magari yaliyopita. Mwendo uwe mmoja tu, si mbio wala si kusitasita.

"Na gari likikataa?" niliuliza.

"Acha mafuta hapo hapo. Gurudumu linalozunguka bila kwenda linachimba kaburi lake."

Siku ya tano mume wangu alipanda pikapu pamoja nami na shemeji. Alisema anataka kuona. Ukweli ni kwamba alitaka kuchukua funguo. Nilipofika ukingoni nilishuka na kuanza kutoa upepo.

"Wewe!" alifoka. "Unaniharibia matairi!"

"Matairi yetu," nilimwambia. "Na nitayajaza tena tukifika ardhi ngumu. Yakikimbia barabarani na upepo mdogo yatapata moto, yatapasuka. Hilo nalo nalijua. Pampu ya mguu iko nyuma."

"Nani amekufundisha ujinga huu?"

"Anayefanya kazi mchangani kila siku."

Tulivuka vizuri. Tulipakia maziwa, tukaanza kurudi. Katikati ya mto, kundi la mbuzi likakatiza mbele yangu. Niliachia mafuta, gari likasimama lenyewe. Mbuzi wakapita. Nikaondoka taratibu. Magurudumu ya nyuma yakateleza kidogo, na mara moja nikaacha mafuta.

Wapita njia wakaanza. "Kanyaga! Kanyaga!" Shemeji alikwisha kuruka na kukaa juu ya boneti.

Mume wangu akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

Nilizima injini. Nikachomoa funguo, nikazitia mfukoni mwangu.

"Shemeji, shuka kwenye boneti. Wengine wote, nyamazeni! Atakayesema kanyaga, atabeba mkebe mmoja kichwani mpaka kituoni."

Wakanyamaza. Nadhani waliogopa macho yangu. Nilichukua beleshi nililolibeba nyuma pamoja na mbao, nikaondoa mchanga mbele na nyuma ya kila tairi. Nikaweka zile mbao mbele ya matairi ya nyuma. Hakuna mkebe ulioshushwa. Niliwaambia watu wasimame mbali, ubao ukirushwa na tairi unaweza kumvunja mtu mguu. Kisha nikarudi kwenye usukani. Gia ya pili. Klachi polepole. Mafuta kidogo tu.

Pikapu ikapanda mbao, ikaenda. Sikusimama kumpakia mtu. Nilisimama nilipofika ukingoni, kwenye ardhi ngumu. Mume wangu na shemeji walifika wakitweta, kila mmoja na ubao begani. Tulijaza matairi upepo, tukaenda.

Kituoni, mpokeaji alichemsha maziwa. Hayakukatika hata tone. Akaandika mikebe yote kumi.

"Leo umebahatika," mume wangu alisema.

Bahati? Wanaume! Nikikwama ni mimi, nikivuka ni bahati! Nilimwambia mle mle kituoni, na sikupunguza sauti.

"Matairi uliyajaza wewe. Mbao aliziweka mdogo wako. Kelele walipiga wapita njia. Lawama nilibeba mimi peke yangu, mbele ya wanawake kumi. Kesho utavuka nami, uende ukaseme kweli. Usipokwenda, maziwa ya kesho utayabeba kwa toroli."

Alfajiri nilimkuta kwenye pikapu, amekaa. Hakuwa amegusa mashine ya upepo.

Ng'ambo, wanawake walikuwa wanapima maziwa. Mume wangu akasimama pale pale aliposimama siku ile. Mikono haikuwa kiunoni.

"Akina mama," alisema, akiangalia viatu vyake. "Kosa lilikuwa langu. Nilijaza matairi kupita kiasi. Mke wangu anaujua mchanga kuliko mimi. Funguo ni zake."

Nilidhani yamekwisha. Mwanamke mmoja, mwenye ng'ombe wawili tu, aliweka kipimo chake chini. Kila mara, mkebe mmoja uliomwagwa ulikuwa wake.

"Maziwa yetu yalimwagwa mara tatu," alisema. "Mara tatu ulisimama hapo ukasema ni mkeo. Sasa umesema kweli mara moja. Bado mbili."

Mume wangu akanigeukia. Najua alitaka niseme, "Inatosha."

Nikaegemea pikapu, nikamsubiri aseme.