Punje za Njano za Heru Juu

Kila Jumamosi Winifrida alifagia uwanja, akateka maji kwenye chemchemi ya bondeni, kisha akabandika uji jikoni kabla jua halijapanda. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu. Mwezi huo wa Juni, mwaka 2014, alikuwa na kazi nyingine zaidi: kumsaidia mama yake, Theodosia, kupukuchua mahindi.

Walikaa juu ya turubai, kila mmoja na rundo lake. Mahindi yao yalikuwa meupe, yenye punje nene, mbegu ya tangu enzi za mababu. Lakini katika baadhi ya mahindi zilijitokeza punje za njano, moja hapa, mbili pale. Kila alipoiona punje ya njano, mama aliing'oa kwa ukucha na kuwatupia kuku. Winifrida naye alifanya vivyo hivyo. Wote wawili walijua zilikotoka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jambo hilo.

Kikundi cha wakulima wa kijiji kilikuwa kimepata mnunuzi aliyesafirisha mahindi hayo meupe ng'ambo, yakasagwe unga wa uji wa watoto. Mnunuzi alitoa bei nzuri, lakini kwa sharti moja. Kila mwanakikundi alitakiwa kupanda mbegu ya kikundi tu. Mbegu nyingine yoyote ilikatazwa, na zaidi ya zote zile zilizobadilishwa vinasaba, yaani mbegu ambazo wataalamu wamezipa sifa mpya katika maabara. Watu wa ng'ambo hawakuzitaka katika uji wao. Sharti hilo lilisomwa mkutanoni, likarudiwa kwa Kiha ili wazee walielewe, na Winifrida alikuwapo.

Baada ya mkutano huo, mwezi wa Novemba mwaka 2013, alikwenda na mama yake kuuza ndizi katika soko lililo kando ya kambi ya wakimbizi. Mvua kubwa ikawanyeshea. Mama Therese, mkimbizi kutoka Kongo, aliwaita wajisitiri chini ya turubai lake, akawapa chai, na walipoaga akamtilia Winifrida konzi ya mahindi ya njano mkononi. Yalikuwa sehemu ya chakula cha msaada kilichotoka nje ya nchi.

"Mupande hii," alisema Mama Therese. "Itawaletea mahindi ya tamu."

Kwa desturi ya nyumbani kwao Winifrida, zawadi ya mbegu hailiwi yote. Sehemu yake hupandwa, na mahindi ya kwanza hurudishwa kwa aliyeitoa, ili ajue kuwa zawadi yake imeheshimiwa. Winifrida alilikumbuka sharti la kikundi. Hata hivyo, alijiambia kwamba konzi moja pembezoni si shamba. Akazifukia punje zile kwenye mpaka wa shamba lao na shamba la jirani yao, Pasikali, ambaye Winifrida alimwita baba mdogo kwa heshima, mbali na kuku. Mahindi yalipokomaa yakiwa bado mabichi, alimpelekea Mama Therese ya kwanza, yeye na mama yake wakachoma yaliyobaki, na mabua wakawapa mbuzi. Hakuna alama iliyosalia.

Alama ilisalia ndani ya mahindi ya watu.

Lori la kwanza la kikundi lilipofika ghala la mnunuzi mjini Kasulu, lilirudishwa na mzigo wake wote kwa sababu ya punje za njano zilizoonekana ndani yake. Siku iliyofuata alikuja mkaguzi wa mnunuzi, kijana mpole aitwaye Tamimu. Kwa kuwa magunia yalikuwa na alama za wenyewe, alichota mahindi ya kila mkulima, akayasaga, akayakoroga kwa maji na kuchovya kijikaratasi chembamba. Alieleza kuwa mstari mmoja ni salama, na mistari miwili ni dalili ya vinasaba vilivyobadilishwa. Kijikaratasi baada ya kijikaratasi kilitoa mstari mmoja. Cha Pasikali kilitoa miwili.

Mahindi ya Theodosia hayakupimwa, kwa sababu yalikuwa bado kwenye kihenge nyumbani, kama ya wakulima wengine wengi.

Tamimu alisema kwa masikitiko kwamba asipofahamu chanzo hasa cha mbegu hiyo hadi atakaporudi Jumatatu, kampuni haitachukua hata gunia moja kutoka kijiji kizima. Habari hiyo iliwaangukia watu kama msiba. Kuna waliokwisha kuwaahidi watoto sare za shule, na wengine walikuwa wamekopa mbolea. Pasikali mwenyewe alikuwa amejenga kuta za nyumba ambayo ilisubiri bati tu. Hasira yote ikamwelekea yeye, kwa kuwa alikuwa na baiskeli na alizoea kwenda mbali kutafuta bidhaa. Watu walipopishana naye njiani, walimsalimia kwa dhihaka, "Habari za njano?"

Jioni ya Jumamosi, siku mbili kabla ya Tamimu kurudi, Winifrida alishindwa kula.

"Mama, baba mdogo Pasikali hakupanda kitu. Twende tukaseme."

Theodosia alisogeza kuni motoni. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku huko Urambo, na msimu mzima hakuwa ameleta habari.

"Tukisema, watatutoa kikundini," alijibu. "Kihenge kile ndicho chakula chako, ndicho daftari lako, ndicho kila kitu. Nikuambie nini, mwanangu? Nyamaza. Nakuomba unyamaze."

Winifrida hakuwahi kumsikia mama yake akimwomba jambo kwa sauti ile. Alinyamaza, lakini chakula kikapoa mbele yake.

Siku ya Jumatatu wanakikundi walikusanyika mbele ya ghala la kikundi, Tamimu akiwapo. Mwenyekiti, Mzee Venanti, alimtaka Pasikali aeleze alikoitoa mbegu ile, la sivyo afukuzwe.

"Mbegu niliipokea mkononi mwako, Mwenyekiti," alisema Pasikali. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. "Niape kwa kitu gani ndipo mniamini?"

"Apa kwa baiskeli yako," mwanamke mmoja alidakia. "Ndiyo inayojua ulikokwenda."

Watu wakacheka. Pasikali aliinama akaanza kukung'uta vumbi kwenye kofia yake, akaikung'uta na kuikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. Winifrida aliitazama ile mikono, akahisi hawezi kuendelea kukaa. Akasimama.

"Shikamooni," alisema. Mzee mmoja aliitikia, mwingine akamwashiria akae. Hakukaa. "Ni mimi niliyepanda mahindi ya njano. Nilipewa zawadi sokoni, nikayapanda mpakani mwa baba mdogo Pasikali. Sharti nilikuwa nalijua."

Kicheko kilikatika. Kabla mtu hajasema neno, Theodosia naye aliinuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Msimtazame mtoto peke yake," alisema. "Niliyala mahindi yale. Lori liliporudi, nilijua sababu. Yeye alitaka kusema, mimi nikamzuia."

Tamimu hakukaripia mtu. Aliomba aonyeshwe mahali penyewe, na kikundi kizima kikamfuata. Aliuliza upepo wa wakati wa mahindi kuchanua ulitokea upande gani, kisha akaeleza kwamba unga wa maua ya mahindi, uitwao chavua, hupeperushwa na upepo hadi kwenye mahindi ya jirani. Pasikali alikuwa amepanda mbegu safi, ila upepo ulimletea chavua ya mbegu ya Winifrida. Mahindi yale ya msaada, aliongeza, yaliletwa yaliwe na hayakuletwa yapandwe.

Kwa kuwa chanzo kilijulikana, aliweza kupima kihenge kimoja kimoja. Kihenge cha Theodosia kilitoa mistari miwili. Vihenge vya ng'ambo ya bonde na vya upande wa pili wa barabara vikatoa mmoja mmoja. Hadi alasiri ilikuwa wazi kwamba mnunuzi angechukua mahindi ya kijiji, isipokuwa ya nyumba mbili. Mahindi ya nyumba hizo mbili, ya Theodosia na ya Pasikali, yangesagwa yaliwe nyumbani, na punje yake hata moja isibaki kuwa mbegu.

Wengine walishangilia. Theodosia aliegemea kihenge chake akalia, na Pasikali alisimama akizitazama kuta zake zisizo na bati. Mzee Venanti alimwendea, akamwomba radhi mbele ya watu wote, kisha akamgeukia Winifrida.

"Kupanda zawadi uliyopewa ni kosa ambalo hata mimi ningeweza kulifanya," alisema. "Kosa zito lilikuja baadaye, wakati jirani yako alipoitwa mwongo na wewe unajua ukweli. Leo umeusema ukiwa na cha kupoteza, na umekiokoa kijiji. Siku nyingine useme mapema, kabla mtu hajaumia."

Kikundi hakikumfukuza Theodosia. Kiliwapa yeye na binti yake kazi ya kulima shamba la Pasikali kabla ya lao mvua zitakapoanza, na wenzao wakakubaliana kuchangia bati za nyumba ile.

Mwezi wa Oktoba, ardhi ilipolowa, Winifrida na mama yake walikuwa wa kwanza kufika katika shamba la jirani. Walipomaliza matuta ya mwisho, Pasikali alitoka nyumbani kwake na kibuyu kidogo, akammiminia Winifrida mahindi meupe kiganjani.

"Zawadi ya mbegu," alisema.

Winifrida alizitazama punje zile, asijue kama inafaa kuuliza. Mwishowe akauliza.

"Asante, baba mdogo. Zimetoka wapi?"

Pasikali akacheka, kicheko chake cha kwanza mbele yao tangu Juni.

"Zimetoka ng'ambo ya bonde, kwenye kihenge cha Mzee Venanti, na zimepimwa," alijibu. "Kuanzia leo, mwanangu, uniulize hivyo kila mara, nami nitakuuliza wewe. Hakuna atakayekasirika."