Ng'ombe wa Eveline na Watu wa Sauti Nne

Kila Alhamisi, vipindi vikiisha, Eveline alikimbilia ofisi ndogo ya kwaya iliyo nyuma ya kanisa pale Iyunga. Huko alikuwa na kazi yake. Shangazi yake Anjela, mwalimu wa kwaya ya watoto, alimwachia kuandika nyimbo kwenye kompyuta, nota za do-re-mi juu na maneno chini. Programu waliyotumia iliitwa Sauti Nne. Ilitolewa bure na watu wachache wapenda kwaya, na wote walioitumia walikuwa na jukwaa lao mtandaoni, mahali pa kuulizana na kusaidiana.

Alhamisi hiyo Eveline alitembea kama mwenye springi miguuni. Wimbo aliouandika safari hii aliutunga mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili tu. Uliitwa "Kengele ya Ng'ombe", na Jumapili kwaya tatu zilizokuwa zimeshaufanyia mazoezi zingeuimba pamoja kwenye tamasha la watoto mjini Iringa. Kilichobaki ni kuwatumia waandaaji faili lake kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Ijumaa, ili liingie kwenye kitabu cha nyimbo.

Akachapisha nakala moja kuikagua. Karatasi ilipotoka, alipigwa na butwaa. Kila mstari wenye neno ng'ombe ulikatika palepale, na baada yake kulikuwa na weupe mtupu.

"Shangazi! Programu imekula ng'ombe wote!"

Shangazi Anjela alicheka mpaka akashika mbavu, lakini alipoitazama karatasi kicheko kikakoma. "Hii hatuwezi kuipeleka, mwanangu. Waulize wenzetu wa jukwaani."

Eveline akaeleza tatizo, akaweka na picha ya maneno ya wimbo, na dakika kumi hazikupita. Wa kwanza kujibu alikuwa Mwalimu Saulo, anayefundisha kwaya Chimala: "Pole binti. Hebu zima programu, uiwashe upya." Haikusaidia. Kisha akajibu Sneha, mmoja wa watengenezaji wenyewe, anayeishi Iringa mjini. "Habari Eveline. Asante kwa kutuambia. Maneno ya wimbo uliyaandika kwa kibodi, au uliyanakili kutoka mahali pengine?"

Vidole vya Eveline vikasita. Shangazi alikuwa amemwagiza aandike neno kwa neno, ili akague tahajia. Yeye kwa uvivu aliyachukua maneno yote kutoka kwenye ujumbe aliokuwa ameuandika kwenye simu na kuyabandika. Na shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma.

"Niliandika mwenyewe kwa kibodi," akajibu.

Kazi ikaanza. Sneha aliandika ng'ombe mara ishirini kwenye kompyuta yake, akaona yote yametoka salama. Mwenzake Dastan alijaribu toleo la zamani, kisha jipya. Mwalimu Saulo akaja tena: "Nimeuandika wimbo wote, beti zote nne. Kwangu unatoka vizuri. Wimbo mtamu huu, binti!"

Eveline aliyasoma maneno hayo, uso ukamwaka moto. Mtu asiyemjua hata kwa sura ameacha shughuli zake Chimala, akaandika beti nne kwa ajili yake. Na wote wanatafuta mahali ambapo hakuna kitu, kwa sababu yeye amewaelekeza huko.

Akageuka. "Shangazi, nimedanganya. Sikuandika. Nilinakili kutoka kwenye simu."

Shangazi Anjela akamsogezea kibodi. "Mimi umeshaniambia. Sasa waambie na wao."

Eveline akaandika polepole: "Naomba mnisamehe. Maneno niliyanakili kutoka kwenye simu. Niliona aibu kusema." Kisha akaliambatanisha faili lake, akasubiri. Alijua watamkasirikia.

Sneha akajibu: "Ahaa! Hapo umetusaidia kweli. Tuachie hadi kesho."

Ijumaa saa saba mchana toleo jipya likatoka, na Sneha akaeleza kisa chote. Ile alama ndogo ya ng', yaani ritifaa, simu huiandika imejipinda, na kibodi huiandika imenyooka. Programu iliijua ile iliyonyooka tu. "Kosa lilikuwa letu," akamalizia, "na bila faili lako tusingeliona. Ng'ombe wako wamerudi zizini."

Eveline alichapisha, akahesabu ng'ombe wote kumi na sita, akaruka hadi kiti kikaanguka. Saa tisa faili likawa limefika kwa waandaaji.

Jumapili, watoto tisini waliimba "Kengele ya Ng'ombe", na watu wakasimama kupiga makofi. Baada ya wimbo, mwanamke aliyevaa miwani alikuja mbele akitabasamu. "Eveline? Mimi ndiye Sneha."

Eveline akapiga goti kidogo. "Shikamoo dada. Asante sana. Na samahani kwa ule uongo."

"Marahaba. Usiubebe tena," Sneha alisema. "Sisi hatuioni kompyuta yako. Tunaona kile unachotuambia tu. Ukisema kweli, hata kama inakuaibisha, unatupa pa kuanzia, na anayepona si wewe peke yako. Jana watu sita waliandika kwamba ng'ombe wao nao walikuwa wanapotea."

"Na wale wanaokusaidia bila kukujua," Shangazi Anjela akaongeza, "heshima yao ya kwanza ni ukweli. Shukrani hufuata. Halafu na wewe unawasaidia wengine."

Alhamisi iliyofuata, Severina wa Mgololo aliandika jukwaani kwamba nota za sauti ya pili zimepotea na hajui afanye nini. Eveline ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona swali lile. Akasogeza kiti karibu, akaandika: "Pole Severina. Usijali, tupo. Hebu nieleze ulichofanya tangu mwanzo, hata kama unaona aibu."