Kisigino cha Kushoto

Stendi ilikuwa imefurika watu, makelele mtindo mmoja, kiatu kilipotua mbele ya dada fundi viatu. Akainua macho. Kaka mmoja, shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, tabasamu la upande mmoja.

"Kisigino kimelika, fundi."

"Cha kushoto, upande wa ndani," fundi akasema, akakitengeneza barabara.

Baada ya wiki mbili kaka akarudi nacho. Akarudi tena. Mara ya tano fundi akacheka. "Sema kweli, unakisugua ukutani ili uje unione!"

"Umenikamata, mpenzi."

Naye akaamini. Nani asingeamini? Mapenzi yakakolea, simu asubuhi, simu mchana.

Ikafika Jumapili ya kujitambulisha kwa baba, ghorofa ya nne. Fundi kavaa gauni la kijani, chai ikapoa mezani. Mchumba hakutokea, wala simu hakupokea. Aibu iliyoje mbele ya baba!

Jumatatu akakichukua kile kiatu, alichoachiwa tangu Ijumaa, akitupe jalalani. Akakigeuza. Kushoto tena, ndani tena. Ukuta gani husugua palepale miezi minne? Kumbe mtu anaumwa, na yeye alikuwa anacheka!

Akapiga simu. "Mguu wako una nini?"

"Nilifika mpaka chini ya ngazi, mpenzi. Nikaziangalia, nikarudi. Zamani nilikuwa na uvimbe kwenye taya. Madaktari walilikata, wakaniundia jingine kwa mfupa wa mguu huu wa kushoto. Taya likapona. Kifundo ndicho kimelegea, kinalalia ndani, kinauma. Nani atamwoza binti yake kwa mtu anayeshindwa na ngazi?"

Fundi akakaa chini. Ngozi ya mkoba aliwahi kuigeuza kiatu, lakini mfupa wa mguu kuwa taya! Ee Mungu, mwanadamu ni maajabu.

"Yaani ukiniita mpenzi, unaniita kwa mguu?"

"Kwa mguu, mama."

Wakacheka, na machozi juu.

Akamshonea viatu vipya, cha kushoto kimeinuliwa ndani, shingo ngumu ya kushika kifundo. "Na kwa daktari unarudi. Usinichezee!"

Jumapili iliyofuata wakapanda, wakipumzika kila ghorofa. Walipofika ya tatu, jasho likimtiririka kaka, mlango ukafunguka juu. Baba, aliyesikia hatua zikisita, akateremka na kiti, akakiweka palepale ngazini.

"Kaa, mwanangu. Mguu hauposi, mdomo ndio unaoposa."

"Mzee, hata huu mdomo ni mguu." Akamweleza yote.

Baba akamshika kidevu taratibu, akakitazama.

"Basi umeshafika," akasema.