Kamba ya Kuni

Kila jioni baada ya shule, Wilibrodi alibeba galoni la maziwa kutoka kijijini kwao Daa hadi kambi ya watalii iliyo kando ya barabara. Aliipenda kazi hiyo, maana kambini hakukosa kitu cha kushangaa. Siku moja alimkuta kijana mgeni wa rika lake akionyesha picha kwenye simu: yeye mwenyewe, bunduki mkononi, amepiga magoti kando ya mnyama mkubwa mwenye pembe kama matawi. Dereva wa watalii alitafsiri. Kwao, kijana alisema, kila jimbo hutenga siku za vijana kuwinda, na yeye na baba yake hukaa pamoja mwanzoni mwa mwaka kupanga wataanzia jimbo gani na kumalizia lipi.

Wilibrodi akarudi nyumbani galoni likiwa tupu na kichwa kimejaa. Aliona hakuna kinachomzuia yeye naye kupanga.

Kesho yake alimwita Sairowua, mwenzake wa darasa la sita, aliyetoka Endulen na kuishi Daa kwa shangazi yake kwa ajili ya shule. Akachora chini kwa kijiti.

"Hapa Daa, nyati. Likizo tunakwenda Digodigo, nguruwe pori. Desemba tunamalizia kwenu Endulen, pundamilia."

"Sisi wafugaji hatuli nyama ya porini," Sairowua alisema. "Ukifika kwetu na pundamilia, wazee watakuuliza kama ng'ombe wa baba yako wameisha. Halafu, bunduki utatoa wapi?"

Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na waya wa klachi uliotupwa na mafundi wa gereji mjini Karatu. Akaufanya tanzi, akalifunga kwenye gogo katika njia ya nyati, ukingoni mwa msitu. Mjomba wake Emilian, askari wa wanyamapori wa kijiji, aliwahi kufika shuleni kwao kueleza kwamba kuwinda bila kibali ni kosa kubwa. Wilibrodi alimpigia makofi kuliko wote, kisha akasahau.

Ijumaa baada ya masomo alimshawishi Sairowua wakatazame mtego. Walilikuta gogo limeburutwa mbali. Waya ulikuwa umekatika, na kipande chenye tanzi hakikuwepo. Majani yalikuwa na damu. Nyayo nzito ziliteremka hadi korongoni, penye vichaka vilivyofungamana, na ndani ya vichaka hivyo kitu kikubwa kikatoa pumzi kwa kishindo. Wavulana walikimbia bila kutazama nyuma, na kiatu kimoja cha Sairowua kikabaki hukohuko.

"Tumwambie mjomba wako," Sairowua alisema walipofika mashambani, akihema.

"Tutafungwa."

"Kesho ni siku ya kuni, Wili."

Wilibrodi aligeuka akatazama korongoni. Siku ya kuni akina mama huruhusiwa kuingia ukingoni mwa msitu kuokota kuni kavu, na njia yao hupita pale pale korongoni. Anayetangulia siku zote ni mama yake, kwa sababu ndiye anayejua zilipo kuni nzuri.

"Labda nyati ataondoka usiku," alisema kwa sauti ndogo. "Usimwambie mtu."

"Nakupa mpaka asubuhi. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Jioni ile Mama alinoa panga lake huku akiimba. Wilibrodi alimtazama akaogopa, kisha akawaza ofisi ya askari akaogopa zaidi. Mama alipoingia jikoni, Wilibrodi akaichukua kamba ya mama yake ya kufungia kuni kutoka msumarini, akaizika ndani ya gunia la maharage. Alijiambia kwamba bila kamba Mama asingekwenda popote.

Kulipokucha Mama aliitafuta kamba, akasonya, akamwita jirani yake Mama Lusia. Mama Lusia alikuwa nazo mbili.

"Mama, usiende," Wilibrodi alisema, ameshika tumbo. "Tumbo linaniuma."

Mama akamgusa paji la uso. "Homa huna. Kunywa uji, ulale. Sitachelewa."

Akaondoka. Wilibrodi alisikia vicheko vya akina mama vikipungua njiani kuelekea msituni, kila kimoja kikiwa mbali kuliko kilichotangulia. Hapo ndipo hofu ya kufungwa ikawa ndogo kabisa mbele ya hofu nyingine. Akatoka mbio. Langoni kwa mjomba wake alimkuta Sairowua akibisha hodi.

Mjomba Emilian alikuwa anakunywa chai. Wilibrodi alisahau hata kumwamkia.

"Mjomba, kuna nyati korongoni. Ana waya mguuni. Waya ni wangu."

Emilian akaweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Jana."

"Na leo akina mama wanapita hapo kuokota kuni." Alichukua bunduki, wakakimbia.

Waliwaona akina mama kwenye mteremko, wamepanga mstari, Mama akiwa mbele, kamba ya kuazima begani. "Mama, rudi!" Wilibrodi alipiga kelele hadi koo likamuuma. Mama akageuka kumtazama. Nyuma yake vichaka vikatikisika, na nyati akatokea akichechemea, kichwa amekiinamisha.

Emilian alipiga magoti akafyatua. Nyati hakusimama. Akafyatua tena. Mnyama akaanguka palepale Mama alipoiangusha kamba, na Mama mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya njia, mzima. Mguu wa nyati ulikuwa umevimba, waya umezama ndani ya nyama. Wilibrodi alikuwa amempata nyati wake wa kwanza. Hakuna aliyetaka picha.

Emilian aliketi chini, akamtaka Wilibrodi aeleze yote, tangu picha ya kambini hadi mtego.

"Wapo watu wanaowinda kwa kibali, hapa nchini na huko kwa yule kijana," alisema. "Lakini mwindaji wa haki huanza kwa kujiuliza: mnyama akijeruhiwa asife, nitafanya nini? Wewe ulipanga Daa, Digodigo na Endulen, na hilo hukulipanga popote. Sasa twende ofisini ukaseme mwenyewe."

Wilibrodi alisema yote, na alikaripiwa hadi masikio yake yakawaka moto. Kwa kuwa alikuwa mtoto, na alikuja mwenyewe kusema, aliamriwa kumsaidia mjomba wake kutegua mitego kila Jumamosi mpaka amalize shule ya msingi. Sairowua akaomba kwenda naye.

Jioni Mama alikaa mlangoni. Wilibrodi alifukua kamba kutoka kwenye maharage, akampelekea kwa mikono miwili. Mama aliipokea.

"Kwa hiyo jana ulijua."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaona ufiche kamba."

Wilibrodi akaanza kulia. Mama akamvuta karibu.

"Kamba ningeipata kwa jirani, mwanangu, na niliipata. Neno lako ndilo sikuwa na pa kuliazima. Ukijua hatari, hata kama umeileta wewe, usinifichie kamba. Niambie."

Kisha akainuka, akaitundika kamba kwenye msumari wake, akamwambia aoshe galoni, maana kambini walikuwa bado wanasubiri maziwa.