Sweta Iliyotangulia Makambako

Hadithi hii ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, jogoo wangu mwekundu ni wake.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Makambako njia panda, pale upepo ulipomvua mtu kofia na kwenda kumvika mwingine Mdandu. Vijana walijazana kungoja malori ya kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Walilala nje kwenye mvua, wengine wakaugua kabla ya safari. Chama cha akina mama wa Njombe kikasema hapana. Kikaja na masufuria ya uji, kikaanza kujenga banda la wasafiri.

Hulda, binti mdogo kuliko wote chamani, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani, ndiye aliyeshika upawa alipotokea kijana mrefu anayetetemeka ndani ya kaptula.

"Kamwene, dada. Uji wako una sukari?"

"Una moto. Sukari kaitafute huko mkongeni."

"Basi nitazame tu wakati nakunywa."

Hulda akainamia sufuria asionekane akicheka.

Kijana huyo, Enoki, aliacha lori la kwanza limpite, na la pili. Akapanda kuezeka banda la akina mama.

"Unaezeka au unanichungulia?" Hulda akauliza toka chini.

"Mkono mmoja kwa kila kazi, mpenzi."

Lakini babaye Hulda alitaka ng'ombe, na ng'ombe wa Enoki walikuwa bado Tanga. Hulda akamfumia sweta kwa nyuzi zilizobaki za kofia za vichanga wa kliniki: mkono mmoja mwekundu, mwingine kijani.

"Nitafanana na kasuku."

"Ndiyo nikuone toka mbali."

Enoki akaivaa, akapanda lori la Tanga. Tangu hapo, kila lori lilipotua toka huko, Hulda hakutazama nyuso. Alitazama mikono. Akina mama walimtajia mwalimu mmoja wa Mdandu, mwenye baiskeli, yeye akajibu, "Uji utaungua."

Masika yaliyofuata, mkono mwekundu ukashika ubavu wa lori, na wa kijani ukafuata. Hulda akatupa upawa, akakimbia. Ndani ya sweta mlikuwa na mtu mwingine.

"Aliyekuuzia hiyo yuko wapi?"

"Hakuuza, dada." Alikuwa Filemoni, mtu wa Iwawa, macho yamemzama. "Nilishikwa na homa, na lori lilikuwa limejaa. Enoki akanipa nafasi yake, akanivika na sweta. Kasema anakuja nyuma."

Hulda alikuwa amekwisha kuandaa matusi. Akayameza, akammiminia uji hadi kikombe kikafurika.

Akangoja. Banda likaezekwa upya, na yeye anangoja. Hata jioni moja garimoshi likapiga honi Makambako, moshi ukatanda stesheni nzima, na humo kwenye moshi akatokea Enoki, kaptula ileile. "Uji una sukari?" akauliza, na Hulda akamjibu...

"Garimoshi gani, Yonathani?"

Ni Hulda mwenyewe ananikatiza, bibi kizee sasa, hapo kwenye benchi letu, anafuma.

"Reli imefika Makambako Mwingereza amekwisha kwenda kwao, na mimi nina mvi. Malori ndiyo yalikuwepo. Niliyapokea yote."

Wenzangu wakacheka, kisha mmoja akavua kofia. Nikaenda banda la kuku, nikamletea jogoo. Akampakata, akampapasa manyoya kitambo.

"Na kesho ukisimulia, Enoki umshushe palepale kwenye moshi," akasema. "Jogoo mwingine unaye?"