Kila Alhamisi, Mtaa wa Bathurst

Jumamosi moja ya Mei 2014, duka la baiskeli la Parkdale, Toronto, lilifurika kama bwalo la shule ya bweni siku ya wali. Msichana wa ushungi mweusi na koti la manjano alisimama mbele ya kabati la GPS za baiskeli akinung'unika, "Yarabi, kitu kama kipande cha sabuni, bei kama ng'ombe!"

Zephania, muuzaji, alikuwa ameapa kutompenda mtu hadi amalize shahada. Kiapo hicho kilifariki papo hapo, bila kuugua.

"Dada, hii kubwa ina ramani. Hii ndogo inahesabu kilomita tu. Ukipotea, itakwambia umepotea kwa umbali gani."

Msichana huyo, Zohra, mzaliwa wa Dar, akacheka. "Unauza au unafukuza wateja?"

"Nakutafutia ya kati. Vitufe unabonyeza hata na glavu, na safari zako zinajituma kwenye simu."

Zephania akaijaribu kwa akaunti yake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi dukani, akamkabidhi. Kuifuta akaunti akasahau. Alikuwa akimtazama mteja.

Kufikia Agosti walikuwa wakiitana laazizi bila haya.

"Jumapili nakupeleka ukamwamkie mama," Zohra alimwambia kwenye simu. "Na usije na zile jezi zako za rangi za kasuku!"

Kumbe safari za Zohra zilikuwa zikiingia kwenye simu ya Zephania. Angeweza kumwambia, akachagua kutazama. Kila Alhamisi kidoti chake kwenye ramani kilitulia Mtaa wa Bathurst, katika mji jirani wa Vaughan, saa mbili nzima. Na Alhamisi Zohra husema yuko kazini. Wivu ukamla, akapiga.

"Nani huyo wa Vaughan?"

"Umejuaje Vaughan?"

Akaeleza.

"Akina mama wa jumuiya wananifundisha kuosha maiti," Zohra akasema polepole. "Mama ameomba nimwoshe mimi. Daktari kampa wiki chache. Sikukwambia kwa sababu nikitamka, nalia. Nilitaka akuone kabla."

"Laazizi, nisamehe..."

"Ungeniuliza tu, Zephania. Usije Jumapili."

Alipiga tena na tena. Simu haikupokelewa.

Septemba alisikia msiba wa mama yake Zohra, akaenda makaburini. Wanawake hawakuwapo. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza, naye akatia bega. Taki, kaka yake Zohra, akamshika mkono.

"Ahsante, ndugu yangu. Ulimfahamu mama?"

"Hapana," Zephania akajibu, akampisha aliyefuata.